Skrubu Inazunguka Tu Ukutani? Usikimbilie Kununua Ndefu Zaidi

Fimbo ya pazia ikianza kuinama upande mmoja, wateja wengi huja dukani kuulizia skrubu ndefu. Mara nyingi skrubu haina kosa. Kilicholegea ni rolplagi, yaani kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya ukuta, kwa sababu shimo lake ni pana mno au liliishia kwenye plasta, ambayo kwa kawaida ni milimita 12 hadi 15 tu.

Ingiza skrubu nusu ndani ya rolplagi, uivute kwa plaisi hadi itoke yote. Kisha endelea kutoboa kidogo uangalie vumbi. La kijivu ni plasta. Likigeuka jekundu, umefika kwenye tofali. Huku Kisumu na Kakamega matofali ya kuchoma ni mengi, nayo ni laini kuliko jiwe. Drili inayogonga huyapasua, na biti ya milimita 8 ikaacha shimo la milimita 10. Zima ile sehemu ya kugonga, utoboe polepole.

Kama kingo za shimo bado ni imara, panda saizi moja: 6 iwe 8, au 8 iwe 10. Rolplagi ya 8 inataka skrubu ya milimita 5 hadi 6. Nyembamba zaidi haitaitanua ishike ukuta. Shimo lizidi urefu wa rolplagi kwa sentimita 1. Funga tepu kwenye biti iwe alama. Puliza vumbi lote kwa pampu ya baiskeli huku umefunika macho, maana vumbi likibaki rolplagi huteleza. Igonge taratibu hadi izame yote. Ikiingia kwa kidole tu, shimo ni kubwa, usiendelee. Skrubu nayo ipite ncha ya rolplagi kidogo.

Shimo lililobomoka halitaki njiti za kiberiti wala karatasi. Njiti zenye gundi ya mbao zinafaa kwenye mlango wa mbao uliolegea bawaba, ukutani hapana. Lowesha shimo, shindilia simiti kipimo 1 kwa mchanga laini vipimo 2, uweke unyevu kwa siku 7 ndipo utoboe. Huna muda? Sogea angalau sentimita 5, kwenye tofali zima, si kwenye kiungo cha tofali na tofali.

Nyumba ya udongo iliyopigwa plasta ya simiti ni hadithi nyingine: rolplagi haina cha kushika. Pigilia ubao kwenye nguzo za ndani, ufunge fimbo kwenye ubao. Televisheni kwenye ukuta wa aina hiyo tunakushauri uiweke mezani.

Usitoboe kamwe juu wala chini ya swichi au soketi, waya hupita hapo.

Ukija dukani, beba rolplagi iliyotoka, skrubu yake na picha ya shimo. Tutakupimia saizi, na kama ukuta unahitaji fundi, tutakwambia kabla hujanunua chochote.