Barua kutoka Kyoto

Kyoto, Japani, 9 Aprili

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na leo ni siku ya sita tangu nipokewe na wenyeji wangu. Ule ujumbe wa uwanja wa ndege haukuwa na lolote, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie. Hapa ni saa nne usiku. Kwenu hata jua halijazama.

Nyumbani tupo wanne: mimi, baba, mama, na bibi mwenye miaka 81. Wamenitaka niwaite Otoosan na Okaasan, yaani baba na mama. Ukifungua mlango kuna kisehemu cha chini kiitwacho genkan, na viatu vinaishia hapo. Ndani ni ndara, na kwenye chumba cha mikeka ya tatami hata ndara unaziacha nje. Siku ya kwanza nilivua viatu nikaviacha vimeelekea ndani. Baadaye nikakuta bibi amevigeuza, ncha zinatazama mlangoni, nikitaka kutoka ni kutumbukiza miguu tu. Hakuniambia neno.

Kuoga ndiko kulikonitia majonzi. Waliniambia nitangulie, kwani mgeni hupewa maji ya kwanza. Unakaa kwenye kigoda pembeni, unajisugua na kujisuuza hadi utakate, ndipo unaingia kwenye hodhi la maji ya moto, kama nyuzijoto 41, unatulia. Nisichojua ni kwamba maji hayo ni ya nyumba nzima. Nilipomaliza nikavuta kizibo, nikalisugua hodhi likang'aa, nikiamini ndiyo adabu. Kutoka, namkuta Otoosan koridoni, taulo begani. Okaasan alichungulia, akafungua bomba upya. "Daijoobu," akasema, haidhuru. Usiku ule nililia, Rehema. Wangenigombeza ningepumua.

Mji wenyewe ni rahisi kuuzoea, maana mitaa imenyooka na kukatana kwa miraba tangu ulipojengwa kuwa mji mkuu wa Japani mwaka 794. Kando ya mto Kamo maua ya micheri yanapukutika. Nitakutumia picha.

Sasa sikia la juzi. Nimetoka kujiandikisha chuoni, nafika, nafungua mlango, naita "Gomen kudasai!" Ndiyo hodi yao, niliikariri kabla ya safari. Bibi akaja taratibu, akapiga magoti pale juu, akatikisa kichwa. Akanieleza neno moja moja ili nielewe: hilo ni la mgeni. Anayerudi kwake husema "Tadaima", nimerudi. Kisha akanyoosha kidole mlangoni. Nitoke, nianze upya!

Nikatoka. Nikasimama nje kidogo, koo limenikaba. Nani hupiga hodi kwake? Nikafungua: "Tadaima!" Bibi akajibu "Okaeri", na Okaasan naye akaitikia "Okaeri" kutoka jikoni, bila hata kugeuka, kama anavyomjibu Otoosan kila jioni.

Jana nikaomba nisitangulizwe tena kuoga. Walitazamana, bibi akacheka, wakakubali. Sasa mimi ndiye wa mwisho, na kizibo navuta mimi.

Namsikia Okaasan akiniita, zamu yangu imefika. Niandikie upesi, na unisalimie wote.

Akupendaye,
Neema