Kulipwa si ushahidi kwamba kampuni ni halali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila kampuni ya "uwekezaji" wa kwenye simu inapoanguka, waliolizwa husema neno lile lile: "Mbona mimi walinilipa?" Kweli, walilipwa. Malipo yale ya kwanza ndiyo chambo chenyewe, kwa sababu aliyekwisha kuyapokea ndiye anayekwenda kumwita dada yake, shemeji yake na wenzake wa vikoba.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme watu 1,000 wameweka Sh100,000 kila mmoja, na kampuni imeahidi kumlipa kila mtu Sh3,000 kwa siku. Zimeingia Sh100 milioni, na kila siku zinatoka Sh3 milioni. Jioni ya siku ya 33 zimebaki Sh1 milioni. Hakuna shamba lililolimwa wala duka lililouza kitu. Kila mmoja amerudishiwa Sh99,000 zake mwenyewe, akaziita faida. Ili siku ya 34 ipite lazima waingie wapya, na hao wapya nao wanadai Sh3,000 zao. Hapo sijahesabu alichokwisha kuchota mwenye kampuni.

Wapya nao wana kikomo. Mtu akiambiwa alete watano, nao kila mmoja alete watano, ngazi 11 tu zinahitaji watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, vichanga wakiwamo. Wa ngazi ya mwisho ni 48,828,125, yaani wanne katika kila watano, na hawana tena wa kumleta. Kwa hiyo ukiuliza nani atapoteza, jibu limo kwenye mpango wenyewe tangu siku ya kwanza.

Inaniuma tunapoyaita mambo haya upatu. Kwenye upatu wa kina mama, watu kumi wakichanga Sh20,000, anayepokea anapata Sh200,000, mwisho wa mzunguko kila mtu amepata alichotoa, na kijumbe, yaani anayekusanya michango, anajulikana anakoishi. Hakuna anayeahidiwa kuzidi mwenzake.

Dalili iliyo karibu kuliko zote iko mkononi mwako. Unapotuma fedha kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri linatokea jina la mpokeaji. Lisome. Kampuni inayodai makao yake ni London lakini inapokea fedha kwa jina la mtu binafsi, au kwa lipa namba ya duka la vifaa vya umeme, tena kesho namba ikawa nyingine, inakwepa akaunti yake isifungwe. Ikikutaka ununue kwanza sarafu ya mtandaoni ndipo utume, ujue kuzifuatilia itakuwa kazi ngumu zaidi.

Ya pili ni cheti. Watakuonyesha cha BRELA, na huenda ni cha kweli. Lakini BRELA husajili kampuni. Haitoi ruhusa ya kukusanya amana za watu. Ruhusa hiyo ni ya Benki Kuu, na kwa mifuko ya uwekezaji na hisa ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Zote zina orodha za walio na leseni kwenye tovuti zao. Tafuta jina kamili, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayofanana na ya kampuni kubwa.

Ya tatu ni kiwango. Hati fungani za miaka 20 na 25, ambazo kwazo unaikopesha Serikali, zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka. Anayeahidi asilimia 2 kwa siku, faida ikirudishwa kwenye mtaji, anadai Sh100,000 zako zitakuwa zaidi ya Sh137 milioni mwaka ukiisha. Mwenye biashara hiyo hahitaji laki yako.

Maneno hubadilika. DECI, kampuni ya namna hii iliyosimamishwa mwaka 2009, ilisema "kupanda mbegu" na "kuvuna". LBL, nyingine ya namna hiyo, ambayo Benki Kuu ilisema mwaka 2025 kuwa haina leseni, ililipisha watu ili walipwe kwa kutazama video. Kesho itakuwa akili mnemba.

Kampuni zinazouza bidhaa kupitia wanachama wanaoingiza wenzao zinahitaji jicho zaidi, kwa kuwa zipo zinazouza kweli. Uliza hivi: jirani asiye mwanachama angenunua dawa hii ya meno kwa bei hii, bila kuahidiwa kamisheni? Kama wanunuzi ni wanachama peke yao, na unalazimika kununua kila mwezi ili "usishuke ngazi", bidhaa ni pazia na maboksi yataishia uvunguni mwa kitanda. Kijana aliyeitwa mjini kwa usaili wa kazi, akifika akaambiwa alipe kifurushi na kutaja ndugu kumi wenye simu, aondoke siku hiyo hiyo.

Mwisho ukikaribia huonekana. Inatangazwa ofa ya siku tatu ya kuweka kiasi kikubwa kwa faida maradufu. Kutoa fedha kunakuwa mara moja kwa wiki, kisha "tunaboresha mfumo". Kundi la WhatsApp linafungwa, wanaoandika ni viongozi tu. Halafu unaambiwa ulipe "kodi" ya asilimia kumi ndipo utoe salio lako. Usilipe. Kodi halali ingekatwa kwenye salio, na namba ile kwenye skrini haina fedha nyuma yake.

Aliyekwisha kutuma apige simu kwa mtandao wake saa hiyo hiyo akiwa na namba ya muamala, maana fedha huhamishwa ndani ya dakika. Apige picha za skrini kabla kundi halijafutwa, aandike majina na namba zote za wapokeaji, aende polisi nazo, na namba hizo azitume kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Siku chache baadaye huenda atapigiwa na "wakili" anayeahidi kumrudishia fedha zote kwa ada ndogo ya kuanzia. Mara nyingi orodha ya waliolizwa imeuzwa, na anayempigia ni tapeli wa pili.

Msomaji wako,
Morogoro