Kabla Hujalipa Karo

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa maji yamekatika tangu Alhamisi na nimerudia maisha ya mitungi. Natumai mama anaendelea vizuri na lile goti lake, na kwamba hapo Voi jua halijaanza kukaanga watu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika kumi na moja! Nilitaka kukupigia, halafu nikajikumbuka: tukianza kwa simu tutaishia kwenye harusi ya nani na talaka ya nani, na swali lako litabaki pale pale. Heri niandike. Unasema kaunta ya duka imekuchosha, umeweka akiba ya shilingi 90,000, na unataka kuja Nairobi kusomea kazi ya mikono. Ama upishi, ama ushonaji, ama keki za harusi, ama hata sapatu za shanga. Na unataka nikuchagulie.

Sikuchagulii, usije ukanilaumu uzeeni. Ila nina mambo ya kukusimulia, na la kwanza ni la aibu.

Unakumbuka mwaka ule niliohamia huku, nikakutumia picha nimevaa kofia ndefu nyeupe ya wapishi? Mama yako akaionyesha mtaa mzima. Basi kile chuo kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, katikati ya mji. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wawili na majiko mawili, moja halina gesi. Mwalimu anapika, sisi tunanakili. Nina daftari zima la namna ya kukaanga samaki, na samaki mwenyewe sikumgusa hata mara moja. Tulipomaliza tulipewa vyeti vyenye muhuri wa dhahabu. Nikakipeleka changu kwenye hoteli moja kuomba kazi, mama wa ofisini akakigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole, "Hiki chuo kimesajiliwa na TVETA?" Sikujua hata TVETA ni kitu gani. Kumbe ndiyo mamlaka ya serikali inayosajili vyuo vya ufundi, na mtu yeyote anaweza kutazama kama chuo fulani kimo au hakimo. Dakika tano zingeniokolea karo ya mwaka mzima. Kwa hiyo wewe, hata wakikupendezesha namna gani kwa mabango, usitoe shilingi kabla hujaniletea jina la chuo nilitazame.

Yule mama alinihurumia. Akaniambia niende jikoni wiki mbili, sina mshahara, nina chakula cha mchana tu, wanitazame.

Mwanaisha, mimi nilidhani najua kupika. Siku ya kwanza nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikakabidhiwa gunia la vitunguu. Mpishi mmoja mtu mzima, ambaye wote tulimwita Mzee, alinitazama nikikata vitunguu viwili vitatu, akaninyang'anya kisu. Akalowesha kitambaa, akakikamua, akakitandika chini ya ubao. "Ubao ukicheza, kidole kinaondoka," akasema. Kisha akanikunja vidole vya mkono wa kushoto, ncha zikaingia ndani kama paka anayeficha kucha, ili kisu kitelezee kwenye vifundo. Akaondoka. Alipopita tena baada ya nusu saa hakusema neno, alichota vipande vyangu mkononi, akachagua vitatu vilivyokuwa vikubwa kuliko vingine, akaviweka mbele yangu vimejipanga, kama polisi anayeonyesha ushahidi. Vipande vikubwa vinabaki vibichi wakati vidogo vishaungua, hilo tu.

Na ubao wenyewe una sheria. Mwekundu ni wa nyama mbichi, wa buluu ni wa samaki, wa kijani ni wa mboga na matunda. Ukikatia kachumbari kwenye ubao mwekundu utatolewa mbio, maana kachumbari haipiti motoni, na uchafu wa nyama mbichi utakwenda nao mpaka kwenye sahani ya mgeni.

Nilikata vitunguu siku nne. Macho yamevimba, mgongo umegoma, mikono inanuka hata kwenye matatu, watu wanasogea. Siku ya tano nikajikuta ninaimba. Mwenzangu tuliyetoka naye kule ghorofa ya tatu, msichana mwenye kipaji cha keki, maua yake ya sukari ungeyanusa, aliaga siku ya tatu na hakurudi. Si kwamba alikuwa mvivu. Alitaka maua, na maua ni nusu saa ya mwisho. Kabla yake kuna kupima unga, kupaka mafuta makopo, kusubiri keki ipoe kabisa ndipo uipake krimu, kuosha mabakuli, kufuta oveni, kujibu mteja anayetaka ghorofa nne kwa bei ya ghorofa moja.

Hapo ndipo nilipopata ninachotaka kukwambia. Zile picha unazonitumia, keki na magauni, zinaonyesha nusu saa ya mwisho. Kila moja ya hizi kazi ina vitunguu vyake, ndivyo vinavyokula siku, na mtu hudumu kwenye kazi ambayo vitunguu vyake haviwezi kumtoa roho. Basi nenda ukavitafute kabla ya kutafuta chuo.

Jana nilikwenda kukutafutia vya ushonaji. Nina fundi wangu wa kike pale soko la Mutindwa, ana cherehani mbili na ovaloku moja, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke. Nikamwambia, nina rafiki anataka kazi yako. Akacheka, akanipa wembe na gauni la msimamizi wa bibi harusi. "Fumua." Bitana ilikuwa imewekwa kinyume. Dakika arobaini nilikaa nikitoa uzi, mmoja mmoja, kitambaa chenyewe laini, ukivuta kwa hasira kinachanika. Yeye huku anaongea na wateja. Akapima mama mmoja kiuno. Yule mama akabana pumzi, tumbo likaingia ndani. Fundi akangoja tu, futi mkononi, anazungumza habari za mvua, mpaka mama akachoka akapumua, ndipo akasoma kipimo. Akanikonyeza. Aliponiona nimemaliza, akaligeuza gauni na kupitisha kidole kwenye mishono. Anasema yeye akitaka kumjua fundi hatazami nguo nje, anaigeuza upande wa ndani.

Ananiambia Januari yake ni sare za shule, hana usingizi. Desemba ni harusi. Na kuna miezi ya katikati ambapo anapunguza suruali na kubadilisha zipu tu. Vitambaa anafuata Eastleigh, vifungo na nyuzi Biashara Street. Mkono wako unauweza huu? Wewe ndiye uliyetufumia vitambaa vya meza tukiwa shule, ukikosea tundu moja unarudi nyuma safu nzima. Mimi ningeukata uzi nikafunga fundo. Hilo nilikuwa nimelisahau mpaka nilipokaa na ule wembe jana.

Vya sapatu nilikwenda kuvitafuta soko la Kariokor. (Unajua jina hilo lilitoka wapi? Ni Carrier Corps, wale wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu ananunua viatu pale kila mwaka asijue.) Wanaokata ngozi wana kisu na msharasi wa kutobolea, wanaopanga shanga wamekaa wameinamisha shingo, gundi inanuka mpaka kichwa kinauma. Niliyemuuliza aliniambia wanalipwa kwa jozi, na mtalii akikosekana jozi zinalala. Pazuri kwa kununua. Kukaa pale kutwa, kwa macho yako yale ya miwani, sijui.

Na usanii wenyewe ulioutaja, wa kuchora? Nina jirani kijana anayepuliza rangi matatu, yale mapicha ya wanamuziki na wacheza mpira unayoyaona yakipita. Analipwa vizuri kuliko karani. Wazazi wake bado wanamwita mpaka rangi.

Sasa pesa, maana najua hapa ndipo utakapokaza macho. Baada ya hoteli nilianza kupikia watu sherehe. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa pilau ya watu 120, arusi ya Buruburu. Nikasema 250 kwa sahani, nikajiona tajiri: shilingi 30,000! Sikiliza zilivyokwenda. Mchele kilo 18 kwa 180, ni 3,240. Nyama kilo 20 kwa 600, ni 12,000. Vitunguu, mafuta na viungo 4,000. Kachumbari na ndizi 2,500. Mpaka hapo bado niko salama. Kisha makaa 1,500, kukodi masufuria 2,000, wasaidizi wawili 2,000, gari la kubeba 3,000. Jumla 30,240. Nilifanya kazi siku tatu, nikaunguza mkono, nikasifiwa mpaka na shehe, na nikarudi nyumbani nikiwa nimewalipa wao shilingi 240 ili wale.

Mzee wa hotelini nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Jikoni kwao, vyakula vyenyewe havitakiwi kuzidi kama thuluthi ya bei. Zilizobaki ndizo za moto, watu, gari, kodi ya nyumba, na wewe mwenyewe. Vyakula vyangu vilikuwa 21,740. Kwa hesabu yake sahani ilitakiwa iwe 540 na kitu. Katika daftari langu la ghorofa ya tatu hesabu hiyo haimo hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo chuo chochote utakachokwenda, kiwe cha keki au cha magauni, uliza kama wanafundisha kupanga bei. Wakikutazama kama umeuliza kitu cha ajabu, beba mkoba wako.

Vyuo vizuri vipo, sikutishi. Utalii College kule Thika Road kilifunguliwa 1975 kwa msaada wa Uswisi, na wanafunzi wake wanajifunzia kwenye hoteli iliyo papo hapo, wageni wa kweli, lawama za kweli. Ukipata nafasi pale, chukua. Lakini kuna mlango mwingine ambao watu wa kwetu hawaujui, nao ndio niliopitia mimi hatimaye: mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wale wa Industrial Area. Una gredi tatu, unaanzia ya tatu unapanda kuelekea ya kwanza. Umefunzwa na fundi wa sokoni au jikoni kwa watu, unakubaliwa. Unapewa kazi, unaifanya mbele ya macho yao, unapimwa. Nilipika mikono ikitetemeka, mtu mwenye karatasi amesimama nyuma yangu, na nilipokunja kitambaa chenye maji chini ya ubao nilimsikia akiandika kitu. Cheti hicho ndicho nilichokitia kwenye fremu. Kile cha muhuri wa dhahabu nimekitandika kwenye droo ya vijiko.

Ukichagua chakula, ujue pia kaunti inataka cheti cha afya cha wanaoshika chakula, na unapimwa upya kila miezi 6. Usikinunue kwa mtu wa kona. Wapo.

Basi naona hivi. Zile 90,000 ziache benki. Omba likizo ya wiki mbili, uje. Wiki ya kwanza ukae na fundi wa Mutindwa. Nimeshamwomba, amekubali, sharti lake ni ufike kabla yake na uagize chai. Wiki ya pili uje kwangu, nina oda mbili, moja ya matanga na moja ya aqiqa, na vitunguu vipo tele. Ukiniuliza ninavyohisi, nahisi utarudi Mutindwa. Lakini niliwahi kuhisi 250 kwa sahani, kwa hiyo usinifuate mimi.

Panda ile treni inayosimama vituo vyote, ushuke Syokimau, nitakungoja pale. Lete viatu vya chini vilivyofunika vidole, jikoni kwangu sapatu haziingii. Lete miwani. Na umbembeleze mama akupe ile mbuzi yake ya kukunia nazi. Yangu imevunjika mguu, na tui la pakiti limenichosha. Ile habari ya ghorofa ya tatu usimwambie, bado ana ile picha yangu ya kofia ukutani.

Wako,
Rehema