Kwa Nini Hema Lako Hatulipigi Ukingoni mwa Ziwa

Wateja wanaokodi mahema yetu kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, karibu wote huja na ombi moja: "Tuwekeeni pale pale majini, nikifungua zipu asubuhi nione ziwa." Tukikataa, wengine hununa. Hununa hadi giza liingie na mguno wa kwanza usikike, kisha husogeza viti karibu na moto.

Ni viboko. Mchana hukaa majini, masikio na pua tu nje. Usiku hupanda nchi kavu kula nyasi, mmoja akimaliza kilo 40 hivi, na hupita njia zile zile miaka nenda miaka rudi. Utazijua njia hizo: mifereji iliyolainika katikati ya mafunjo, mavi yametapakaa vichakani. Mahali panapoonekana pazuri na tambarare kwa hema mara nyingi ni barabara yao. Kiboko akishtuka hukimbilia maji, na ole wake aliyesimama kati yake na ziwa. Kwa hiyo tunapiga mahema ndani ya ua wa waya wa umeme wa kambi, chini ya migunga yenye magome ya manjano, na choo kikiwa upande huo huo. Picha utapiga, ila ukiwa ndani ya waya.

Halafu ziwa lenyewe halitulii. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Nyandarua, Mto Malewa huyashusha maji yote huku, na Naivasha haina mto wa kuyatoa. Mwaka 2020 lilifurika likameza nyumba na kambi za ukingoni. Miti mikavu unayoiona imesimama majini ilikuwa kwenye nchi kavu.

Baridi nayo msiidharau, hasa nyinyi mnaotoka Pwani. Hapa ni zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Watu hubeba blanketi tatu za kujifunika na hawana cha kutandika, ilhali baridi ya hema hutoka ardhini. Godoro la kujaza upepo ndilo baya zaidi, hewa ya ndani hupoa usiku kucha. Sisi hutoa la sponji, na mkeka chini yake.

Kesho yake wengi huenda Hell's Gate, mbuga ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Lipia kiingilio kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla hujafika langoni, pesa taslimu hazipokelewi. Na mkiona wingu jeusi, hata likiwa mbali, msishuke kwenye korongo la mbuga hiyo. Mafuriko ya ghafla yameua watu humo.

Unapoagiza, tuambie mnakuja na watoto wangapi. Hema lao huwekwa katikati, la wazazi upande wa ziwa.