Kwa nini nilikataa kuwaamulia: barua ya wazi kwa vijana wa dagaa, Igombe, Mwanza

Wanangu wa Igombe, mwangaluka.

Jumapili mliponiita mlitaka neno moja tu kutoka kwangu: tuendelee kumpa mzigo au tuache? Nikanywa chai yenu, nikala na maandazi mawili, nikaaga. Nasikia baadaye mmoja wenu alisema Mayu, yaani mimi mama yenu, amezeeka, siku hizi anaogopa kujiingiza. La kuzeeka ni kweli. La kuogopa ndilo limenifanya nikae na kuandika, tena mahali ambapo kila mtu atasoma, maana najua mteja wa namna ile hayuko Igombe peke yake.

Kwa wasiojua, nieleze kwa kifupi bila kumtaja mtu. Kuna mnunuzi amechukua magunia ya dagaa kwa mkopo mara mbili, hajalipa hata senti, na sasa anataka mzigo wa tatu. Anasema akiupata huo atauza na kulipa deni zima kwa mkupuo. Vijana wanaogopa wakimnyima atazima simu na zile za mwanzo zitapotea. Wakimpa, wanaogopa hivyo hivyo. Miezi mitatu sasa wanalizungusha, na kila kikao kinaisha kwa "tumpe wiki moja."

Mimi nimeanika dagaa tangu enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Nilichojifunza kuhusu kuamua nimekipata mchangani, kwa hiyo nitaanzia huko.

Mnajua wenyewe: jua likiwaka vizuri, dagaa uliowamwaga asubuhi jioni unawaanua. Lakini ukifika mwezi wa tatu na wa nne, saa nane mchana wingu linajikusanya juu ya ziwa na dagaa bado nusu wabichi. Hapo nafasi ni ndogo. Ukiwaanua na kuwauza vilevile kwa bei ya kutupa, utapata kitu. Ukisubiri, huenda wingu likapita. Na huenda lisipite, na dagaa aliyenyeshewa mnamjua: rangi inaharibika, harufu inabadilika, mnunuzi anabaki wa chakula cha kuku. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mtu wa kuangalia wingu. Wenzangu wanakusanya, mimi nimeshika kiuno, naangalia juu. Nilijiambia hiyo ni subira. Uongo mtupu. Nilitaka mbingu iamue, ili hasara ikija niseme ni mvua, siyo mimi. Na mbingu iliamua, mara nyingi.

Siku ya kwanza nilipojikaza nikaanua mapema, mnadhani nini kilitokea? Wingu likapita. Halikudondosha hata tone. Nilikuwa nimeshauza kwa karibu nusu ya bei, na wenzangu walinicheka mpaka kwenye kituo cha daladala. Lakini ile ndiyo siku niliyoanza kuwa mfanyabiashara. Usiku nilikaa na daftari nikahesabu nilichopoteza, nikakuta ni kiasi fulani, kina mwanzo na mwisho. Kabla ya hapo hofu yangu ya kupata hasara haikuwa na kipimo, ilikuwa inajaza nyumba nzima. Hasara yenyewe ilienea kwenye mstari mmoja wa daftari. Wingu lililofuata mikono haikutetemeka.

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Walichosahau kutuambia ni kwamba nusu shari lazima uichague mwenyewe. Ile kamili inakuja bila kuitwa.

Sasa niwaambie lililo zito zaidi, ambalo hata mtoto wangu wa mwisho atalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa naishi Kirumba nilikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama, mzigo ukaharibika, nikashindwa kurejesha. Kutoka nilikopanga hadi mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhushia mzigo, ni mwendo wa dakika kumi. Ila mweka hazina wetu alikuwa na genge la nyanya njiani. Kwa hiyo nikawa napanda juu kwenye mawe, nazunguka nyuma ya nyumba za watu, nashukia upande wa pili. Nusu saa, beseni kichwani. Miezi minane! Nyumbani nilikuwa nawagombeza watoto kwa chumvi kuzidi, kwa mlango kuachwa wazi, na chumvi haikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa na kiwanja Buswelu. Kukiuza ndiyo ilikuwa njia, na nililijua hilo tangu mwezi wa kwanza, ila nilikuwa nasubiri niamke siku moja nikute sijali tena. Siku hiyo haikuja. Nilikiuza huku najali sana, tena kwa bei ambayo wanangu hunikumbusha kila Krismasi. Nikaenda kwenye genge nikahesabu pesa mbele ya nyanya zake. Yule mama alizihesabu tena, akanifungia nyanya nne kwenye gazeti, hakusema neno. Kesho yake nilipita njia ya dakika kumi. Mtu akiniuliza faida ya uamuzi mgumu ni nini, sina maelezo makubwa. Nilirudishiwa njia yangu.

Lakini msije mkanisoma vibaya mkakimbilia kuamua ili tu muonekane mmeamua. Sisi wa Mwanza tuna kidonda chetu. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya Mv Bukoba ilipopinduka ikikaribia bandari ya Mwanza, kulikuwa na watu bado hai ndani yake. Chombo kikatobolewa ili waokolewe. Hewa iliyokuwa inakiweka juu ikatoka, kikazama. Waliofanya vile walitaka kuokoa, na sitaki mtu awahukumu kupitia barua hii. Nasema tu kwamba kuna saa ya kutafuta anayekijua chombo kabla ya kushika chuma.

Nyie miezi mitatu mmeshatafuta vya kutosha. Mnajua anadaiwa gunia ngapi. Mnajua aliahidi nini na lini. Hakuna taarifa mpya inayokuja kuwaokoa. Jiulizeni jambo moja tu: kama mtu huyu angekuja leo kwa mara ya kwanza, hamumdai kitu, na mkajua tabia yake yote mnayoijua, mngempa mzigo? Magunia ya mwanzo yameshaondoka mwaloni. Hayarudishwi na mengine kuyafuata.

Mkiamua kumnyima, msimwandikie ujumbe wa simu. Nendeni wawili, mkae naye, mumwambie usoni, na mpange naye kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Mkiamua kumpa, pia sawa, ila kila mmoja aandike jina lake kwamba amekubali, ili mambo yakiharibika pasiwe na yule wa "mimi nilisema tangu mwanzo." Huyo ndiye huvunja vikundi, kuliko hata wadaiwa.

Ndiyo maana nilikunywa chai nikaondoka. Ningesema "mnyimeni", mngemnyima, na ingekuwa uamuzi wa Mayu. Akilipa, Mayu ana akili. Asipolipa, Mayu ametuponza. Na wingu lijalo mngenipigia tena simu, na mimi magoti haya hayanifikishi Igombe kila wiki.

Mbalamwezi ikiisha na giza la kuvulia likirudi, mitumbwi itaingia na dagaa wengi, na mnunuzi wenu atakuwa amesimama pale pale na lori lake. Mna siku kama kumi.

Halafu niliacha sado yangu ya bluu chini ya kile kibanda. Mpeni dereva wa daladala anayenifahamu, aniletee.

Mayu wenu