Kabla Hujaifunga Saa Ile Kwenye Boksi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio bado una mambo yake. Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikaona mistari miwili haitatosha. Uliposema unataka kuinadi ile Omega mtandaoni wikiendi hii, nilishtuka kidogo. Sikuzuii, saa ni yako. Naomba tu unisikilize kabla hujabonyeza chochote.

Unaukumbuka mkoba wangu wa Louis Vuitton? Hukuwahi kuniuliza uliishia wapi, na mimi kwa aibu nikanyamaza. Niliuuza kwenye mnada mmoja wa mtandaoni. Dau lilipanda mpaka sikuamini macho yangu. Mnunuzi akalipa, nikatuma, akapokea. Siku ya tisa akaandika kwamba mkoba ni feki na anataka hela yake. Nilicheka, Zuhura. Mkoba niliununua dukani mwenyewe, risiti ninayo! Nikamwambia haya, urudishe.

Kifurushi kiliporudi nilikifungua nikiwa nimesimama jikoni, na kabla sijautoa mkoba wote nikasikia harufu ya gundi. Ngozi ya mpini wangu ilikuwa imeshaiva rangi ya asali kwa miaka ya kushikwa. Huu mpini ulikuwa mweupe, kama umetoka kiwandani jana. Wangu alibaki nao, mimi akaniletea wa bandia.

Nikalalamika. Wenye mnada wakaniuliza swali moja tu: tutajuaje kwamba ulichotuma si hiki kilichorudi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa na picha nne, zote za mbele, za mbali, zenye mwanga mzuri. Ile risiti niliyoringa nayo ilionyesha kwamba niliwahi kununua mkoba. Ni upi niliouweka kwenye boksi, risiti haijui. Hela ikarudi kwa tapeli.

Kwa hiyo hiyo saa ipige picha kama daktari anayempima mgonjwa, usipige kama mpiga picha wa harusi. Sogea karibu. Ule mkwaruzo kwenye kifungio cha mkanda, unaoniambia kila siku unakukera, ndio unaoitofautisha saa yako na nyingine zote za aina yake, basi upige pande zote. Tena uuweke wazi kwenye tangazo. Ukiuficha utakuwa umempa mtu sababu ya kudai kwamba alicholetewa sicho kilichotangazwa. Namba iliyochongwa kwenye saa, ipige picha kamili ubaki nayo wewe, lakini kwenye tangazo ziba tarakimu kadhaa. Wenye kutengeneza feki huokota namba halali huko huko kwenye matangazo wakazichonga kwenye mali yao.

Siku ya kufunga mzigo weka simu mahali, irekodi mfululizo bila kukatisha: namba ya saa, saa inaingia kwenye boksi, gundi inapita, lebo ya anwani inabandikwa, boksi linakaa kwenye mzani na uzito unasomeka. Utajiona mwehu kidogo ukiwa unaongea na simu peke yako. Vumilia. Ukifika kwa msafirishaji, omba risiti yenye uzito ule ule. Wapo wanaosema wamepokea boksi lenye magazeti matupu, na hapo uzito ulioandikwa na mtu mwingine, si wewe, ndio unaokutetea. Nje ya boksi pasiwe na jina la Omega hata kidogo. Na kabla ya kulipia bima ya mzigo soma maandishi madogo, maana wasafirishaji wengine saa na vito hawavilipii hata vikipotea.

Kuhusu eBay, ule mnada wa mtandaoni ulioutaja. Kuandika "sipokei marejesho" hakutakusaidia. Mnunuzi akidai kitu si kama kilivyoelezwa, dhamana yao inamlinda, na ana siku 30 tangu mzigo ufike. Na tangu 2008 muuzaji hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo usitegemee kumkuta tapeli ameanikwa na waliokutangulia. Nafuu ni kwamba tangu 2020, katika baadhi ya nchi, saa za bei kubwa hupitia kwanza kwa wakaguzi wao ndipo zimfikie mnunuzi, na zikirudishwa hupita kwao tena. Kama saa yako inaingia kwenye mpango huo, usiuze nje yake hata mtu akikubembeleza vipi. Mkoba wangu ungepitia mikono ya namna hiyo, leo nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Ukiuza kwingine ukalipwa kwa PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, tuma kwenye anwani ile ile iliyo kwenye malipo. Akikuandikia baadaye kwamba amehama, au ni zawadi ya dada yake, futa mauzo na muanze upya. Malipo yakifika dola 750, hakikisha mzigo unapokewa kwa saini, la sivyo ulinzi wao kwa muuzaji haukuhusu. Anayelipa kwa njia hiyo halafu anasema atakuja kuichukua mwenyewe, mkatalie kwa upole: hakutakuwa na rekodi ya kusafirisha, na kesho anaweza kudai hakupewa kitu. Ana siku 180 za kufungua malalamiko, basi hiyo hela usiikimbilie. Barua pepe zinazosema umelipwa usizijali, ingia kwenye akaunti yako ujionee.

Halafu kuna lile ulilotania, la kumwambia binamu yako apandishe dau kidogo. Hapana. eBay inalikataza, na Uingereza mwaka 2010 muuzaji mmoja alitozwa faini mahakamani kwa kujipandishia dau mwenyewe. Kama unaogopa saa isiende kwa bei ya kutupa, weka bei ya chini ambayo ikikosa kufikiwa haiuzwi. Na picha za tovuti ya Omega usizichukue, wenye chapa wanaweza kuliondoa tangazo lako.

Wikiendi hii acha ipite. Nitumie kwanza picha zote, hata zile unazoona hazina maana, na rasimu ya tangazo. Nitaanza na huo mkwaruzo.

Msalimie mama. Ule mkoba feki bado ninao, naenda nao sokoni, na nyuzi zimeshaanza kuachia.

Wako,
Salma