Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Mtoto wangu haji kituoni kucheza gemu

Ndugu Mganga Mkuu,

Habari za kazi. Nakuandikia kuhusu tiba ya mtoto kwa njia ya mchezo kwenye simu, ambayo kituoni kwetu imeonekana ni gemu tu. Mimi ni mshonaji nguo hapa Liwale, nalea mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 8. Baba yake alitoka usiku kwenda kufukuza tembo shambani, akaletwa asubuhi amefunikwa shuka. Unaijua wilaya yetu na tembo wake, kwa hiyo hapo sitakawia. Kilichofuata ni kwamba mtoto alinyamaza. Usingizini alipiga kelele, mchana hakuna neno. Akaanza kukojoa kitandani. Wazee walishauri yao, nasi tukayafanya. Miezi ikapita.

Tukampeleka Dar es Salaam kwa mtaalamu wa saikolojia tiba, dada mmoja mpole. Alimwona ana kwa ana mara mbili, kisha akaniuliza kama nitaweza kumleta kila wiki. Nikacheka, Mungu anisamehe. Kutoka hapa hadi Nachingwea tu ni kilomita 130 hivi, na masika njia ile mtu huianza kwa dua. Akasema basi tutaendelea kwa simu, yeye na mtoto watakuwa wanacheza. Nilidhani ametuchoka, anatafuta namna ya kutuaga kwa adabu.

Ngoja nikueleze wanavyocheza, maana wengi wanaolisema jambo hili hawajaliona. Kwenye skrini kuna sanduku la mchanga, na pembeni vitu vya kuchezea: nyumba, watu, miti, wanyama. Mtoto anavivuta kwa kidole na kuvipanga apendavyo, na dada kule Dar anaona kila anachogusa. Alhamisi ya kwanza alimchukua tembo akamfukia. Tembo mwenyewe wa ajabu, anatabasamu na kofia kichwani. Alhamisi ya pili akamfukia tena, na ya tatu vilevile. Dada hakumwuliza kwa nini. Alisema tu, "Leo umemfukia chini sana." Alhamisi ya tano mtoto akamjibu: "Bado anasikia."

Daktari, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la mchana tangu msiba. Nilikuwa mlangoni, sindano mkononi, nikaidondosha.

Baadaye alitaka pilipili. Kwetu watu huning'iniza vitambaa vya pilipili na oili chafu kuzunguka shamba ili tembo wasisogee. Kwenye vile vitu vya kuchezea pilipili haikuwamo. Theluji ilikuwamo, na ngome za wafalme. Dada akafungua ubao wa kuchorea, mtoto akatia nukta nyekundu kuzunguka nyumba nzima. Hapo nikawaza: vijana wetu wanaotengeneza programu wangeweka mkorosho, mtumbwi na kibanda cha kulindia shamba, watoto wangapi wa Kusini wangejiona humo?

Na wala si mambo ya vijana wa juzi. Dada alinieleza kwamba daktari Margaret Lowenfeld aliwapa watoto sanduku la mchanga na vitu vidogo vya kuchezea London tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Daktari mwingine wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alikuwa akichora mstari usio na maana, mtoto akaugeuza kitu, kisha wakabadilishana zamu. Mwaka 2020 korona ilipofunga vyumba vya tiba katika nchi nyingi, wataalamu waliyahamishia hayo kwenye skrini. Mtoto mdogo hakai kitini akakusimulia huzuni yake. Anaicheza. Hata anavyoshindwa drafti, anavyoiba kete au kubadilisha sheria katikati, mtaalamu anasoma humo.

Lakini nisikufiche mapungufu. Dada haoni miguu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kila tembo akitokea, goti la mtoto linatetemeka. Hawezi kumpangusa machozi, ndiyo maana sharti mtu mzima awe karibu, ila asisikilize. Na si kila gemu inafaa: zile ambazo watu wasiojulikana wanaweza kumwandikia mtoto, dada amezikataa kabisa. Mtandao nao una siku zake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kwenda Dar kule Somanga, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikaharibika, intaneti ikasumbua nchi nzima. Siku hizi mtandao ukikatika, dada hupiga simu ya kawaida wakategeana vitendawili. Mtoto anavyo vingi kuliko yeye.

Shida yangu kubwa ni mahali. Nyumbani kuta hazifiki kwenye bati. Jirani akikohoa unamwitikia. Mtoto akijua anasikika, anafunga mdomo. Kituo kimoja cha afya kilitupa chumba, tukakitumia wiki sita. Kisha mtumishi mmoja akaingia katikati ya kipindi: "Siku hizi hospitali mnakuja kucheza gemu?" Wiki iliyofuata chumba kilikuwa kimejaa vyandarua.

Simwombei mtumishi yule adhabu. Naomba uwaandikie waganga wakuu wa wilaya zako kwamba tiba kwa njia ya mchezo ni tiba, hata ikifanyika kwenye simu, na iandikwe kwenye kadi ya mtoto kama yanavyoandikwa matibabu mengine. Naomba kila wilaya iwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, asubuhi moja tu kwa wiki, na kishikwambi chenye bando, kwa sababu bando la vipindi vinne linanila gauni moja zima. Afisa ustawi wa jamii afundishwe kukaa nje ya mlango huo na kujua ampigie nani mambo yakiharibika. Na michoro ya watoto isizagae: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, iwafikie na hawa wadogo.

Kwa sasa tunakaa chini ya mwembe, nje ya kituo kilekile, Alhamisi saa nne asubuhi. Ukipita huku kikazi utatuona. Ila tafadhali usisogee sana, atanyamaza.

Wako,
Shangazi wa mtoto, Liwale